Kosa la mwanamichezo lisigeuzwe tangazo

Mhariri,

Sina ugomvi na mwanamichezo aliyevurunda akarudi kazini. Akishatumikia adhabu yake, naye ana tumbo la kulisha, na kampuni ina hiari ya kumdhamini. Kinachonikera ni kampuni kulichukua kosa lenyewe na kulifanyia biashara.

Tangazo la Nike la Aprili 2010 linaniuma mpaka leo. Mcheza gofu Tiger Woods, miezi michache baada ya kashfa ya kutoka nje ya ndoa, amesimama kimya katika picha isiyo na rangi, kamera ikimsogelea usoni. Hasemi kitu, anapepesa macho tu. Sauti inayosikika ni ya baba yake, Earl, ikimuuliza kama amejifunza lolote. Mzee huyo alifariki mwaka 2006! Sauti ya marehemu ikapachikwa juu ya aibu ya mwanawe, na nembo ya kampuni ikawa pale pale kwenye kofia. Mke aliyeumizwa hakuwa na nafasi katika tangazo lile.

Muogeleaji wa Marekani Ryan Lochte naye, baada ya kukiri kwamba alitia chumvi kisa cha kuporwa kwa bunduki kwenye Olimpiki ya Rio 2016, aliachwa na Speedo, kampuni ya mavazi ya kuogelea, iliyotoa dola 50,000 za malipo yake kwa ajili ya watoto wa Brazil. Hazikupita siku nyingi, Pine Bros., watengenezaji wa peremende za koo, wakamdaka na kufanya msamaha ndio kaulimbiu yao.

Kwa Michael Vick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mambo yalikwenda tofauti. Alifungwa kwa kuendesha mapigano ya mbwa, na mahakama ikamtaka atoe karibu dola milioni moja za kuwatunza mbwa waliookolewa. Nike, iliyovunja naye mkataba 2007, ilimrudia 2011. Wapo ambao hawajamsamehe, na siwalaumu. Ila angalau kifungo na fidia vilitangulia, mkataba ukafuata.

Mikataba ya udhamini huwa na kipengele cha maadili, kinachoiruhusu kampuni kumwacha mchezaji anayeichafulia jina. Hicho kinailinda kampuni. Naomba wadhamini waongeze kingine: anayerudi atoe sehemu ya malipo yake kwa aliyemkosea, akiwemo mshindani aliyenyimwa medali na mtumiaji wa dawa za kusisimua misuli, na kosa lake lisitumike kamwe katika matangazo.

Msomaji wako,
Mpenzi wa michezo