Barua ya wazi kwa Afisa Lishe wetu: mwanangu apimwe wapi?

Ndugu Afisa Lishe,

YAH: OMBI LA SIKU MOJA KWA WIKI YA USHAURI WA LISHE KWA WATOTO WALIOVUKA MIAKA MITANO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwa heshima, naandika hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta masjala kwa mkono wangu hazijajibiwa, na kwa sababu ya yaliyompata mwanangu wiki hii.

Ana miaka 10, yuko darasa la tano, na ni mnene. Jumatatu walipimwa uzito mstarini na kilo zikasomwa kwa sauti. Zake ziliposomwa wenzake walipiga makofi. Sasa wanamwita Tipa. Mwalimu akamwambia akaoge vizuri, shingo ina weusi. Alirudi nyumbani akachukua dodoki, akasugua mpaka ngozi ikachubuka, asiniambie. Siku mbili chakula chake kilikuwa kinaliwa na mbwa wa jirani. Jumatano akadondoka darasani. Nilipigiwa simu nikiwa sokoni Mbuyuni nafunga mafungu ya mchicha, nikaacha meza wazi.

Daktari alinieleza kwa dakika kumi mambo niliyoyatafuta kwa miaka. Weusi ule wa shingo si uchafu. Unaweza kuwa dalili kwamba mwili unahangaika na sukari, kwa hiyo mtoto apimwe sukari na presha. Mtoto anayekua hakondeshwi kwa njaa, wala kwa yale majani ya kupunguza tumbo ambayo shangazi yake alishayanunua. Mara nyingi inatosha uzito usimame ulipo huku kimo kinapanda. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Acheze walau dakika 60 kila siku, alale mapema, na nyumba nzima tule sufuria moja, asitengewe sahani kama mwenye adhabu.

Nimeanza. Makande, mchicha, ndizi za kuchemsha, maji badala ya juisi ya pakiti. Bibi yake wa Kibosho ananilaumu kwamba namnyima mjukuu wake. Kwake unene ni matunzo. Lakini mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, namwachia shilingi 1,000, na getini pa shule kuna chipsi, maandazi na soda. Kiwanja alichokuwa akichezea kimezungushiwa mabati. Labda ni hayo, labda ni tuisheni ya mpaka jioni, labda ni damu, maana baba yake naye ni mnene. Nahitaji mtu wa kunisaidia kulijua hilo.

Ndugu Afisa, kadi ya kliniki inaishia miaka mitano. Kila mwezi nesi alikuwa akiweka nukta na kuniambia mtoto anaendelea vizuri. Kadi ilipoingia kabatini hakuna aliyemuuliza tena, mpaka mizani ilipomfuata mstarini kumwaibisha. Mwaka jana, kwenye mkutano wa wazazi, ulisimama mwenyewe ukasema kutakuwa na siku ya ushauri wa lishe kwa watoto wa shule ndani ya miezi mitatu. Niliiandika nyuma ya daftari langu la mauzo. Leo ni mwezi wa 14. Nimekwenda kituo cha afya mara nne, naulizwa mtoto mchanga yuko wapi. Nikasema ni utapiamlo, wakacheka, wakaonyesha bango la mtoto aliyekonda. Uzito uliozidi nao ni utapiamlo, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Ya getini na ya kiwanja nitayaandika siku nyingine. Naomba siku moja tu kwa wiki: chumba chenye mlango, mizani, kipimo cha urefu, chati ya umri na jinsia, na mtu wa kuzungumza na mtoto taratibu. Na mizani isirudi mstarini. Siku moja, ndugu yangu.

Mwanangu amekataa kurudi shule Jumatatu ijayo. Sikumlazimisha. Jumatatu hiyo tutakuja wote wawili ofisini kwako saa mbili asubuhi, naye amevaa sare. Tafadhali umtajie hiyo siku ya ushauri wewe mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mama wa mtoto wa darasa la tano,
Pasua, Moshi