Risala ya Wataalamu wa Mionzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu na wageni waalikwa,

Asante kwa kuitika mwaliko wetu. Kwa kuwa wewe ni daktari bingwa wa macho, tunaomba tuanze na kinachotukwamisha: fomu ya kuomba kipimo iliyoandikwa "CT ya macho" (picha za vipande kwa eksirei), basi.

Mheshimiwa, tundu la jicho la mtu mzima lina ujazo wa mililita 30 hivi, na jicho lenyewe huchukua takribani 7 tu. Kwingine kote ni mafuta, misuli, mishipa na tezi ya machozi. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba mno, ndiyo maana usaha wa sainasi (vyumba vya hewa vilivyo kando ya pua) hupenya. Mtoto akija na homa na kope zilizovimba, tunatafuta kama maambukizi yamevuka utando wa kope kwenda nyuma. Hapo kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, inahitajika, na picha lazima ijumuishe sainasi zote.

Mgonjwa wa thairoidi (tezi ya shingoni) aliyetokeza macho ni habari nyingine. Mafuta ya tunduni yanaichora misuli vizuri bila kontrasti. Tena ayodini iliyomo kwenye kontrasti inaweza kuvuruga matibabu yake. Tunapiga vipande visivyozidi milimita 1, mgonjwa akikazia macho mahali pamoja, maana yakicheza kingo za misuli zinafifia. Kisha tunapanga upya picha kwa mkato wa mbele, kama unamtazama mgonjwa usoni. Mkato wa mlalo peke yake hudanganya: msuli wa chini, ambao mara nyingi ndio hutangulia kunenepa, huonekana kama uvimbe nyuma ya jicho. Kano zake kwa kawaida hubaki nyembamba. Nazo zikinenepa, tunafikiria ugonjwa mwingine.

MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, tunaipenda kwa mshipa wa fahamu wa kuona, ila si kwa fundi aliyerukiwa na cheche za chuma kabla ya CT kuthibitisha jicho ni salama. Sumaku inaweza kukisogeza kipande na kumpofusha. Kijiti kikavu kilichoingia jichoni nacho kina hila yake: kwenye CT hufanana na hewa. Tusipoambiwa, tutakipita.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni fomu mpya yenye nafasi ya kutaja jicho lipi, tangu lini, ugonjwa unaoshukiwa, hali ya figo na thairoidi, na kilichomuingia mgonjwa jichoni. Rasimu tumeiambatanisha, tunaomba uipitie na wenzako wa kliniki ya macho.

Tunaomba kuwasilisha.