Mshahara wako na ule mkopo wa nyumba

Jinja, Uganda

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba ile nyumba ya Mukono imewapendeza. Umeniuliza kama shilingi milioni 70, ambazo benki iko tayari kukukopesha, ni nyingi mno kwa mshahara wako. Kwa maoni yangu ni nyingi, na naona hata milioni 50 zingekubana.

Chukua hati yako ya mshahara uitazame mstari kwa mstari. Juu pameandikwa milioni 3, lakini kodi ya mapato inakata 802,000, na mchango wako wa asilimia 5 kwa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, unakata 150,000, kwa hiyo zinazokufikia mkononi ni 2,048,000. Hesabu ya mkopo ianzie hapo, kwa kuwa hizo milioni 3 hujawahi kuzishika.

Kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka na muda wa miaka 20, mkopo wa milioni 70 unadai rejesho la takriban 1,027,000 kila mwezi, yaani nusu ya unachopokea. Benki imeridhika na nusu hiyo kwa sababu haja yake ni kulipwa. Ada za shule za kila muhula, nauli na matibabu ya wazee kijijini ni mzigo wako mwenyewe. Tazama pia jinsi rejesho la kwanza linavyogawanyika: riba ya mwezi huo peke yake ni kama 992,000, na deni lenyewe linapungua kwa 35,000 tu. Mpaka umalize, utakuwa umelipa zaidi ya milioni 246.

Mimi ningeweka mpaka kwenye theluthi moja ya mshahara wa mkononi, yaani kama 680,000. Kwa riba hiyo hiyo, milioni 45 zinadai kama 660,000. Naacha nafasi makusudi, kwa sababu riba ya mikopo hii kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja na soko. Mwaka 2011, mfumuko wa bei ulipovuka asilimia 30, Benki Kuu ya Uganda ilipandisha riba yake hadi asilimia 23, na waliokuwa na mikopo ya nyumba waliyaona marejesho yao yakipanda. Riba yako ikifika asilimia 20, milioni 45 zitadai kama 764,000, jambo linaloumiza lakini linavumilika. Milioni 70 zitadai karibu 1,190,000.

Usikubali kushawishiwa kwamba kuongeza miaka ndiyo dawa. Kwa milioni 45, tofauti ya rejesho kati ya miaka 15 na miaka 20 ni kama 32,000 kwa mwezi, lakini jumla utakayolipa inaongezeka kwa karibu milioni 34. Na mkopo wa dola, hata kama riba yake inavutia, waachie wanaolipwa kwa dola.

Najua milioni 45 hazitoshi kununua nyumba mliyoiona. Ndiyo maana ningenunua kwanza kiwanja chenye hatimiliki safi kwa akiba yenu, kisha nijenge vyumba viwili vya kuhamia, na vingine vifuate baadaye, kama wengi wetu tulivyofanya huku. Mwenzako naye ashirikishwe tangu sasa, kwani kwa sheria yetu nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke.

Kabla ya kutia sahihi, niletee nakala ya barua ya benki. Nataka kuona kifungu cha kubadilisha riba, gharama za mthamini na wakili, na adhabu wanayotoza mtu anapolipa deni kabla ya muda.

Wasalaam,
Rafiki yako