Rehema, niendeshee hili faili

Morogoro, Jumapili usiku

Rehema wangu,

Habari za Mwanza? Iddi hajambo, homa imeisha? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Najua zamu ya kuandika ilikuwa yangu tangu kabla ya Ramadhani, na Neema ameshanisema vya kutosha, kwa hiyo wewe usinianze. Kuna jambo limenila wiki tatu nzima. Halafu nina ombi, ila nalificha huko chini ili usome kwanza.

Si unajua bado niko na utafiti wa malale. Kukamata ndorobo porini nimewaachia wenye miguu. Mimi nakaa na kompyuta nikijenga upya modeli ya kimelea chenyewe, Trypanosoma brucei, jinsi kinavyovunja glukosi kikiwa kwenye damu. Humo hakina njia nyingine ya kujipatia nguvu, ukikiziba hapo kimekwisha. Ndiyo maana Barbara Bakker na wenzake, mwaka 1997, walikaa wakaandika milinganyo ya njia hiyo, kimeng'enya kimoja kimoja, kwa kasi zilizopimwa maabara na si za kubuni. Msimamizi akaniambia, "Anza kwa kuirudia tu."

Kuirudia tu! Hilo neno "tu" limenikondesha.

Kilichonisumbua ni glikosomu. Ni vifuko vidogo vyenye utando ndani ya seli, Opperdoes na Borst walivigundua mwaka 1977, na humo ndimo vinamokaa vimeng'enya saba vya mwanzo. Ujazo wake wote kwa pamoja haufiki asilimia 5 ya seli. Sasa kila kitu kinachovuka ule utando lazima ukigawanye kwa ujazo wa upande kilikoingia, na mimi nikawa nakosea kila mara. Basi nikajifanya mjanja. Nikafuta utando. Seli nzima chungu kimoja, hesabu zikawa safi, nikalala kwa raha.

Asubuhi naendesha: piruveti, zao la mwisho la njia, inatoka kwa kasi ile ile, sawasawa na ya kwenye makala. Nikashangilia. Halafu nikaangalia katikati ya njia. Fosfeti za sukari, yaani sukari iliyokwisha kubandikwa fosfeti, zinapanda, zinapanda, mpaka kiasi ambacho hakuna seli ingekivumilia. Nikasema programu ina kasoro. Nikabadilisha njia ya kukokotoa, nikapunguza hatua za muda, nikakagua kama nimechanganya dakika na sekunde (nilikuwa nimechanganya, lakini mahali pengine, usicheke). Wiki ya tatu nikaenda kwa msimamizi na machozi yako karibu. Akauliza swali moja: "Utando umeupeleka wapi?"

Kumbe Bakker na wenzake wale wale waliufuta makusudi, mwaka 2000, ndani ya kompyuta, na wakaona haya haya niliyoyaona mimi. Wengi walidhani glikosomu ipo ili kuharakisha kazi, kwa kuwa vimeng'enya vimesongamana pamoja. Wapi! Ukiuondoa utando, kasi haibadiliki sana. Kinachobadilika ni lile limbikizo.

Sasa kumbuka Mama Tatu pale getini kwa hosteli. Akiuza mandazi ya kwanza, faida yote inarudi kununua unga, anakanda tena. Karai ni moja. Saa nne mabeseni yamejaa mpaka chini ya meza, unga umeumuka unamwagika, na sisi kwenye foleni tunapata mandazi kwa mwendo ule ule! Ndiyo hivyo hivyo. Kuvunja glukosi kunaanza kwa kulipa ATP mbili (ndiyo hela ya nguvu ndani ya seli), baadaye unavuna nne, na faida ikirudi mwanzoni inaanzisha glukosi nyingine kabla ya ile ya kwanza haijafika mwisho. Kwenye misuli yetu heksokinesi, kimeng'enya cha kwanza cha njia, ina breki, fosfeti ikijaa inasita. Ya kimelea haina. Breki yake ni ule utando: ndani ya kifuko hesabu inatoka sifuri, mbili zimetumika, mbili zimerudi, na faida halisi, zile mbili zilizobaki, inapatikana nje, ambako haiwezi kurudi kununua unga. Kama dada yake alipoanza kumshikia mkoba wa hela, unakumbuka mabeseni yalivyopungua?

Na maabara hakuna wa kuufuta utando ule bila kuvuruga seli nzima. Mimi nimeufuta kwa uvivu tu, kwa kitufe kimoja. Bado najisikia mjinga, lakini mjinga mwenye furaha. Babu Urambo angeuliza hiyo inamrudishiaje ng'ombe wake, na sijui ningemjibu nini, ila…

Ombi sasa. Mwaka 2021 ilitoka tathmini ya modeli 455 zilizokwisha kuchapishwa, wakajaribu kuzirudia kwa yaliyoandikwa kwenye makala tu. Karibu nusu ziligoma. Thamani ya kuanzia haipo, alama ya kutoa imegeuka kujumlisha, vitu vya namna hiyo. Tangu nisome hapo silali. Yangu, utando ukiwa umerudi, inakwenda vizuri kwenye kompyuta yangu hii mbovu. Kwa mwingine je?

Kwa hiyo nakutumia faili la SBML, yaani modeli yenyewe kwa lugha ambayo programu mbalimbali zinaisoma, na ile sura ya mbinu. Usinipigie simu, usiniulize kitu. Ukikwama, andika umekwama wapi, basi. Halafu futa faili, ujaribu kuijenga mwenyewe kwa kusoma sura peke yake. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiogopa.

Utapata nafasi kabla ya mwisho wa mwezi? Kompyuta ya ofisini wanakuruhusu kuweka programu, au mpaka umwombe yule bwana? Nikikutumia mchele wa Ifakara, nani anapokea stendi? Na lile jambo la Neema na Kasimu ni kweli, au ni maneno ya watu? Mbona wewe hujaniambia?

Wako,
Zuhura

Nimesahau: thamani ya glukosi ya damu iko ukurasa wa mwisho, chini kabisa. Hapana, sijakuambia. Itafute.