Mtoto akicheza vita, usimnyang'anye kijiti

Mhariri,

Tangu mapigano yaingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, watoto wetu wanacheza vita. Kijiti ni bunduki, bidoni tupu ni bomu, mmoja amelala chini "amekufa" na wengine wanakimbia na mizigo kichwani. Wakubwa wengi wakiona hivyo wanafoka, wananyang'anya vijiti, wengine wanachapa, kwa kuogopa kwamba mtoto atakuwa mtu wa bunduki kesho. Sisi tunaohudumia watoto wenye hofu tunawaomba wazazi na walimu waache. Mchezo huo ndio njia aliyo nayo mtoto ya kuitoa hofu mwilini.

Mtoto wa miaka 5 au 7 hana bado maneno ya kueleza yaliyompata. Siku ya milio hakuweza kufanya lolote. Ndani ya mchezo ni yeye anayeamua bomu lianguke wapi, nani apone na nani amfunge majeruhi kidonda. Angalieni kama mchezo unabadilika. Leo wote wamekufa, wiki ijayo anatokea muuguzi, baadaye watu wanarudi nyumbani na kupika bugali. Huo unaponya, msiuguse.

Kuna na ule uliokwama. Daktari Lenore Terr wa Marekani aliueleza vizuri baada ya kuwafuatilia watoto wa basi la shule lililotekwa Chowchilla, California, mwaka 1976: mchezo ni ule ule, mwisho ule ule, hakuna kicheko, na mtoto anamaliza akiwa na wasiwasi uleule au zaidi. Hapo pia usikatishe. Kaa karibu, useme polepole, "Huyu amebaki peke yake. Sijui nani angeweza kuja kumsaidia." Kisha nyamaza, umwache atafute mwenyewe. Wiki zikipita bila mchezo kusogea, au mtoto akirudia kukojoa kitandani, akikosa usingizi, akijiumiza au akisema anataka kufa, mpeleke kituo cha afya uombe kuonana na mwanasaikolojia. Kwa mtoto anayejiumiza au anayetaja kufa, nenda siku hiyo hiyo.

Nyumbani, nusu saa kwa wiki na mtoto mmoja tu inafanya kazi kubwa, mradi iwe siku ile ile, saa ile ile, kwenye mkeka ule ule. Vifaa havihitaji pesa: wanasesere wanne au watano wa vipande vya kitenge, ng'ombe, mbuzi na mnyama mmoja mkali wa udongo, chukudu ndogo ya mti (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), askari wawili watatu, kitambaa cha kufungia vidonda, kikombe na kijiko, kaa la kuchorea na kartoni, na beseni la udongo laini. Changarawe yetu nyeusi ya volkano msiitumie, inakata vidole. Vyote vikae kwenye mfuko unaofunguliwa nusu saa hiyo tu. Vikizagaa kila siku vinakuwa vitu vya kawaida, na ndugu zake watavivunja.

Kazi ya mkubwa ni kukaa chini na kufuata. Wengi wanashindwa hapa, kwa sababu tumezoea kufundisha. Usiulize "Huyu ni nani? Ni baba?" Swali linamrudisha mtoto darasani, anaanza kutafuta jibu litakalokufurahisha. Sema unachokiona: "Umemlaza. Sasa umemfunika. Anaogopa sana." Usisifu wala usisahihishe. Zikibaki dakika 5 mwambie, ikibaki 1 mkumbushe, kisha funga mfuko hata akilia, maana mtoto aliyehama ghafla anahitaji kuona kitu kinachoisha kama kilivyotangazwa.

Akitaka kukupiga, kuna sentensi tatu, na mpangilio wake una maana: "Naona umekasirika sana. Mimi si wa kupigwa. Unaweza kupiga huu mto." Ukianza na katazo, hasikii zaidi ya katazo. Ukiongeza hotuba, umekwisha kumpoteza.

Hasira au woga ukishapanda kabisa, hiyo si saa ya mchezo wala ya mashauri. Shuka hadi kimo chake, punguza sauti, maneno yawe machache. Kumwambia "vuta pumzi sana" kunaweza kumzidishia: anaweza kumeza hewa haraka haraka mpaka kizunguzungu. Anza na kutoa pumzi. Shika uzi mrefu wa kitenge mbele ya midomo yake, apulize polepole uendelee kucheza bila kuanguka. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, moyo unapunguza mbio. Lakini afundishwe akiwa mtulivu, mara nyingi, la sivyo siku ya kelele hatakumbuka.

Tuna neno pia kwa wanaoendesha sehemu za watoto mjini. Mpira mmoja kwa watoto mia unaleta furaha, na furaha ni haki yao, ila msiuite tiba. Kinachotuuma zaidi ni wageni wanaokuja siku moja, wanagawa karatasi, wanasema "choreni mliyoyaona vitani," wanapiga picha michoro na kuondoka. Shirika la Afya Duniani halishauri kumsimulisha mtu maafa yake katika kikao kimoja namna hiyo. Mtoto anafunguliwa kidonda, na jioni hakuna wa kukifunga. Mkitaka wachore, wachore wanachotaka, mbele ya mtu atakayerudi wiki ijayo. Na mchoro ni wa mtoto: muulizeni kama anaupeleka nyumbani, anawaachia mmtunzie, au anauchana.

Wahudumu wa afya ya akili ya watoto,
Kartie Katindo, Goma