Pete ya almasi inayoelea: kwa nini hatuipanui kwa bei ya pete ya kawaida

“Kupanua pete tu, laki zote hizo? Si wizi huu?” Tumeambiwa hivyo tena Jumamosi, na kaka aliyeuliza hakungoja jibu. Si wa kwanza, basi jibu tunaliandika.

Pete yenyewe ni ile ambayo jiwe linaonekana kama linaelea. Haina vikucha wala kikombe cha kulishika. Ncha mbili za pete ndizo zinazolibana almasi katikati. Ni mtindo wa Kijerumani, kampuni ya Niessing iliutoa mwaka 1979. Pengo linaachwa dogo kuliko jiwe, pete inatanuliwa kwa nguvu, jiwe linakaa kwenye mifereji miwili iliyochongwa kwa kipimo chake, kisha pete inaachiwa irudi. Kinachoshika hapo ni ugumu wa madini, kama springi. Na springi ukiitia moto inalegea.

Kesi yote iko hapo. Pete ya kawaida tunaikata, tunaongeza kipande, tunalehemu, tunang'arisha; umeacha asubuhi, jioni unachukua. Hii ukiilehemu, dhahabu inalainika na kile kibano kinakwenda, ilhali kwa macho iko vilevile. Mama mmoja alipanuliwa yake na fundi wa barazani kwa bei ya chai na mkate. Miezi miwili baadaye akatuletea pete tupu: jiwe la nusu karati lilikwenda na maji ya povu akifua. Kutengeneza upya kulimgharimu zaidi ya bei aliyotukimbia, na jiwe akanunua jingine. Kwa hiyo kwetu pete hii haipanuliwi, inafanywa upya. Dhahabu yako ya zamani tunaipima mbele yako na kuipunguza kwenye bei.

Msituletee bangili ya bibi ya karati 22 (hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito wa jiwe) tuiyeyushe kwa kazi hii. Ni dhahabu nzuri, lakini laini, itafunguka. Tunatumia karati 18 iliyochanganywa ikawa ngumu, au platinamu.

Halafu Tanzanite. Tuko Arusha, kila mteja wa pili anaitaka, nasi tunakataa. Kwa kipimo cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10, almasi ni 10, yakuti 9, Tanzanite haizidi 7, tena ina upande ambao ukiugandamiza inapasuka kama ukuni mkavu. Tulijaribu mara moja, zamani, baada ya mteja kubembeleza sana. Ilipasuka mkononi mwa fundi wetu, na jiwe tulilipa sisi. (Fundi hapendi tukikumbusha.)

Mwenye bajeti ndogo tunamshauri achukue yenye kijidaraja chini ya jiwe. Kwa juu inaelea vilevile, kwa chini imeshikwa, na kuipanua ni rahisi. Ila asiuziwe hiyo kwa bei ya ile ya kubana. Igeuze uangalie kabla hujalipa.

Almasi iliyobanwa sawasawa haidondoki ovyo, wala hainasi kwenye kanga kama vikucha. Ubavu wake tu ndio uko wazi, kwa hiyo usivae ukibeba ndoo au ukinyanyua vyuma gym. Ukiitikisa karibu na sikio ikalia, ivue hapohapo, ifunge kwenye kitambaa, uilete. Usiibane kwa koleo nyumbani. Kuikagua kwa lenzi hatutozi.