Simu ilinishinda shambani, lakini jani moja halitoshi

Ndugu Mhariri,

Nimestaafu ubwana shamba baada ya miaka thelathini na moja, mingi nikiitumia hapa Mkuranga. Nimebishana na wakulima, madiwani na hata wakwe zangu. Kubishana na simu nilianza mwaka jana, na ikanishinda mbele za watu.

Mpwa wangu alikuja na programu ya akili mnemba iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za tropiki. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakwambia kwa Kiswahili kama lina ugonjwa wa batobato, ugonjwa wa michirizi ya kahawia, au limeshambuliwa na utitiri wa kijani. Shambani haihitaji intaneti, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu, maana kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu na watoto wa sekondari wamekihodhi.

Tulikwenda kwa jirani yangu, mama mtu mzima mwenye ekari moja na nusu. Mimi nikatazama majani yaliyopauka nikasema udongo umechoka. Simu ikasema michirizi. Tukachimba shina moja. Muhogo kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, lakini tulipoukata, ndani tukakuta madoa ya kahawia, makavu na magumu. Mama hakusema kitu. Msimu uliotangulia alikuwa amenunua mifuko miwili ya mbolea kwa ushauri wangu.

Nilijifariji kidogo nilipopata habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nuru ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Kumbe sipo peke yangu. Ila kilichonigusa zaidi ni kwamba programu hiyo ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ilifika kati ya asilimia 74 na 88.

Majani sita, Mhariri. Vijana ninaowaona huku wanapiga jani moja, la juu, lililo usawa wa macho na linalopendeza kwenye picha. Batobato utaiona kwenye majani machanga, sawa, lakini michirizi hujitokeza zaidi kwenye majani yaliyokomaa, ya chini, ambayo lazima uiname uyafunue. Ukiionyesha simu kilele cha mmea, itakujibu habari za kilele, na wewe utarudi nyumbani umeridhika huku mizizi ikioza.

Kuna na kinyume chake. Kiroba, mbegu inayopendwa sana Pwani hii, inaweza kuonyesha ugonjwa kwenye majani huku mizizi ikichelewa kuharibika. Kijana mmoja aliambiwa na simu kwamba shamba la baba yake lina michirizi, akataka kung'oa lote siku ileile. Nilimzuia kwa maneno makali. Tulichimba mashina kadhaa kwanza, tukavuna mapema, familia ikala. Kuvuna mapema hakumo kwenye kamera. Kumo kwenye kichwa cha mtu aliyewahi kuona shamba likiharibika.

Siungi mkono wanaosema eti akili mnemba ni mambo ya wazungu yasiyoijua mihogo yetu. Picha zilizotumika kuufundisha mfumo huu mwanzoni zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Na michirizi yenyewe ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza huko Amani, Tanga, mwaka 1936. Ugonjwa ni wa kwetu, majani ni ya kwetu. Wapewe mabwana na mabibi shamba simu hizo, na wafundishwe kuinama.

Lakini turudi kwa yule mama. Baada ya kuambiwa shamba lake ni gonjwa, aliuliza swali moja tu: "Sasa mbegu nzima naipata wapi?" Mpwa wangu alitazama simu, mimi nikatazama chini. Ugonjwa huu unabebwa na inzi weupe, na unabebwa pia na sisi wenyewe tunapokata pingili kwenye mashina yaleyale na kupanda tena, kisha kumgawia shemeji afungue shamba lake. Mama alifanya hivyohivyo. Angefanyaje? Mvua zilikuwa zimeshaanza.

Kila Nane Nane naona mabanda ya programu mpya, na vijana waliovaa fulana zinazofanana. Banda la pingili safi ukilikuta, asubuhi ya siku ya pili limebaki mchanga mtupu.

Kwa hiyo nina ombi kwa gazeti lako. Kabla ya masika, tafadhali ulizeni halmashauri na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kisha mchapishe majina ya vijiji vyenye wazalishaji wa pingili zilizokaguliwa, kwa kila wilaya ya Pwani, pamoja na bei ya mzigo. Nusu ukurasa unatosha. Nitaukata na kuubandika kwenye mwembe wa ofisi ya kijiji, na nakala moja nitampelekea jirani yangu mwenyewe.

Bwana shamba mstaafu,
Mkuranga, Pwani